Maswali Yenu: Maji ya Masika, Kutoka Uwandani Hadi Pwani

Barua za safari hii karibu zote zinahusu maji: yanayobomoa, yanayotuama, na yanayokuja usiku bila hodi. Tumezipanga kama maji yenyewe yanavyokwenda. Tunaanza juu, Newala, tunateremka na mto, tunamalizia kwenye mikoko.

Korongo linakula njia

*Shikamooni wataalamu. Nyuma ya nyumba zetu kuna korongo ambalo zamani ulilivuka kwa hatua moja. Sasa limebakiza kama mita kumi na mbili kufika barabara ya mtaa. Tulijaza takataka na viroba vya mchanga, mvua ya kwanza ikasomba vyote. Tumekosea wapi?* — Msomaji, Newala

Marahaba. Mlianzia chini, na tatizo liko juu. Udongo wa uwanda wa Makonde ni mchanga wa kina kirefu, na penye miti na majani unanyonya mvua vizuri sana. Paa la bati, uwanja uliofagiwa na barabara iliyoshindiliwa havinyonyi kitu. Maji yao hukusanyika njia moja hadi ukingo wa uwanda, penye mteremko mkali, na mchanga ule ukishalowa haushikani. Yakianguka kwenye kichwa cha korongo yanachimba mguu wa ukuta, ukuta unabaki ukining'inia, kisha unaporomoka. Ndiyo maana korongo hupanda badala ya kushuka: linafuata maji yanakotoka.

Fanyeni hesabu kidogo. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 50 juu ya ekari moja, yaani kama mita za mraba 4,000, ni lita 200,000. Nusu yake tu ikitiririka ni matangi 20 ya lita 5,000 yanayomwagwa kwenye korongo lenu ndani ya saa moja au mbili. Viroba havina ubavu huo.

Kazi ya kwanza ni mfereji wa kukinga, uchimbwe mita 5 au zaidi juu ya kichwa cha korongo. Upana sentimeta 60, kina sentimeta 40, udongo uwekwe upande wa chini na kushindiliwa uwe tuta. Mteremko wake uwe sentimeta 1 kwa kila mita 2, si zaidi. Kwenye mchanga, mfereji unaoshuka kwa kasi hujichimba wenyewe na mwakani mtakuwa na makorongo mawili. Mfereji huo uishie mahali palipofunikwa na majani, wala usiishie kwenye kiwanja cha jirani. Wengi huchimba mfereji mzuri, kisha hawaulizani maji yanaishia wapi, na ugomvi unahamia kwa mtendaji.

Baada ya hapo ndipo mnaingia korongoni. Kichwa kikatwe, kisibaki kama ukuta wima. Kilazwe angalau kwa pembe ya nusu mraba, kifunikwe kwa matandazo yaliyofungwa na fito, na majani yapandwe. Ndani ya korongo jengeni vizuizi. Uwandani mawe ni adimu, kwa hiyo tumieni nguzo na fito. Nguzo ziwe na urefu wa mita 1.5 na unene wa kiganja, zizamishwe sentimeta 70 ardhini. Pangeni safu mbili zilizoachana nusu mita, na kila nguzo iachane na mwenzake nusu mita. Sukeni fito katikati yake kama mnavyosuka ukuta wa nyumba kabla ya kukandika, kisha nafasi ya kati ijazwe matawi na majani yaliyoshindiliwa kwa miguu. Zikiwa nguzo za mti unaochipua, kama glirisidia, uzio utaendelea kuishi hata fito zikioza.

Mambo matatu ndiyo huamua kama kizuizi kitabaki. Katikati pawe chini kwa sentimeta 20 kuliko pembeni, ili maji yapite hapo. Kizuizi bapa kama meza husukuma maji pembeni, yakazunguka na kukiacha kimesimama peke yake. Ncha zake ziingie nusu mita ndani ya kuta za korongo. Na chini yake, maji yanapoangukia, tandazeni mawe au vifurushi vya matawi vilivyopigiwa vigingi kwa urefu wa mita 1.2, la sivyo maji yatachimba shimo na kuking'oa kuanzia mguuni.

Umbali kati ya kizuizi na kizuizi haukadiriwi kwa macho. Chukueni mpira wa maji wa fundi ujenzi mpime sakafu ya korongo inashuka kiasi gani. Ikishuka sentimeta 60 kwa kila mita 10, na mlango wa kizuizi chenu (pale katikati palipo chini, maji yanapopita) uko sentimeta 60 juu ya sakafu, basi vikae mita 10 kwa 10: mguu wa kile cha juu ulingane na mlango wa kile cha chini. Mkiviweka mbalimbali zaidi, maji yanapata mbio tena katikati. Anzieni chini mahali ambapo sakafu imetulia, pengine kwenye mwamba au mizizi ya mti mkubwa, mpande kuelekea kichwani. Mchanga ukijaa nyuma ya kizuizi pandeni majani ya vetiva kukatisha mkondo, machipukizi yaachane sentimeta 10 hadi 15, mvua zinapoanza ili zishike kabla ya kiangazi.

Kuhusu viroba: vile vya plastiki vinavyoachwa juani huchakaa na kupasuka, na mchanga wenu ukarudi mtoni. Takataka ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu zina matundu, zinaelea, na uchafu wake unateremka kwa watu wa bondeni wanaochota maji.

Kuna jambo moja halitawafurahisha wenye mikorosho. Kila mwaka, kabla ya kuokota korosho, mashamba hupaliliwa hadi yang'ae ili korosho zionekane. Msimu unaisha Desemba, mvua zinaingia, na ardhi iko uchi. Mikorosho iliyopandwa kwa mita 12 kwa 12 ina nafasi ya kutosha katikati. Safisheni chini ya mwavuli wa mti tu, muache ukanda wa majani wa mita 1 hadi 1.5 unaokatisha mteremko kati ya safu na safu. Ufyekwe usizidi kimo cha goti, wala usichomwe.

Korongo likizidi kina cha mita 3, au likifika karibu na barabara na nyumba kama lenu linavyoelekea, hilo si la fito pekee. Andikeni kwa halmashauri na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, muambatishe vipimo: urefu, kina, na mita ngapi limesogea tangu masika iliyopita. Barua yenye namba hushughulikiwa upesi kuliko yenye malalamiko.

Ufuta unasombwa

*Nalima ufuta kwenye mteremko mdogo. Mwaka huu nimepanda mara mbili, mbegu zimeshuka na maji. Jirani ananiambia nipige matuta yaliyofungwa. Ni sahihi?* — Mkulima, Nachingwea

Kwa mtama au mahindi kwenye udongo wa kichanga, jirani yako yuko sahihi. Kwa ufuta, tahadhari: zao hili halivumilii miguu kukaa majini. Matuta yaliyofungwa kila baada ya hatua mbili hutuamisha maji, na kwenye udongo wa mfinyanzi ufuta utakuwa njano kisha utaoza shina. Wewe unataka maji yapungue mbio, yasisimame.

Panda kwa mistari inayokatisha mteremko, sentimeta 50 kati ya mstari na mstari, mbegu zisizame zaidi ya sentimeta 2 hadi 3. Kupata mstari sawa tengeneza kipimo cha fremu kama herufi A. Fito mbili za mita 2 zifungwe juu, miguu iachane mita 2, ufito wa tatu wa mita 1 ufungwe katikati ya miguu. Kutoka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe, ipite mbele ya ufito wa katikati. Kabla ya kukitumia kirekebishe: simamisha miguu juu ya vigingi viwili, weka alama kamba inapogusa, geuza fremu mguu wa kushoto uende kulia, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo pa usawa. Watu wengi huruka hatua hii, wakaishia na mistari inayoteremka kidogo kidogo, na mstari wa namna hiyo ni mfereji.

Kila mteremko ukishuka mita 1 (kwenye shamba la mteremko wa asilimia 5 ni kila mita 20) acha ukanda wa majani wa mita 1, au laza mabua ya msimu uliopita kwa kufuata mstari na kuyapigia vigingi. Mabua hayo ndiyo wengi huyachoma. Mfereji wa fanya juu, ambao udongo hutupwa upande wa mlimani, tunaupenda kwenye udongo unaoshikana. Kwenye mchanga mtupu kuta zake huanguka msimu wa kwanza na jasho lako limepotea.

Jua linawaka, mto umefurika

*Sisi tuko kando ya Lukuledi. Mara nyingine hapa hakuna hata wingu, lakini mto unajaa ghafla na kuvuka kingo. Tutajuaje mapema? Na wazee wanasema vimbunga havifiki huku, je ni kweli?* — Katibu wa kikundi, Mtama

Mto wenu unaanzia mbali. Maji yanayowafikia yamenyesha upande wa Masasi na Ndanda, saa kadhaa kabla. Kwa hiyo taarifa mnayoihitaji iko mkononi mwa mtu wa kijiji cha juu, na chombo chenu cha kwanza ni simu yake.

Chagueni vijiji viwili vya juu. Katika kila kimoja watafutwe watu wawili, si mmoja, maana mmoja atakuwa safarini au simu imeisha chaji siku ile ile inayohitajika. Wapeni kipimo cha mvua: kopo lenye kuta zilizonyooka, juu na chini upana ule ule, lililofungwa kwenye nguzo mahali pa wazi, mbali na mti au nyumba kwa mara mbili ya kimo chake. Kila siku saa 3 asubuhi rula inazamishwa, milimita zinaandikwa, kopo linamwagwa. Milimita 50 ndani ya saa 24 ni mvua kubwa. Lakini msiitazame siku moja tu, jumlisheni na siku tatu zilizotangulia. Ardhi iliyokwisha shiba hutiririsha karibu yote inayofuata, na milimita 40 za Aprili zinaweza kuleta mto ambao milimita 70 za Desemba hazikuuleta.

Pili ni kipimo cha mto. Kama kuna daraja, ombeni ruhusa kwa wenye barabara mchore alama za rangi kwenye nguzo kila sentimeta 10, sifuri ikiwa chini ya maji ya kiangazi. Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini iko Mtwara, na kupima mito ndiyo kazi yake. Waulizeni kama wana kituo karibu nanyi kabla hamjaanza chenu. Alama za hatari hesabuni kurudi nyuma. Tuseme maji huvuka kingo kwenye mita 4, kasi kubwa mliyowahi kuona ni nusu mita kwa saa, na kuhamisha kaya za bondeni kunahitaji saa 3. Alama nyekundu basi si mita 4. Ni mita 2.5, na ya njano iwe mita 1.5. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni kuweka nyekundu pale maji yanapomwagika. Hapo hamtoi onyo tena, mnatoa habari.

Wakati wa mvua someni kila saa, na mtaje kasi pamoja na kimo: "mita 1.8, umepanda sentimeta 30 tangu saa 9." Maji ya mafuriko kwenye mto wa namna hii mara nyingi huenda kati ya mita 1 na 2 kwa sekunde, sawa na kilomita 3.6 hadi 7.2 kwa saa. Kijiji kilicho kilomita 30 juu yenu kwa njia ya mto kinaweza kuwapa saa 4 hadi 8. Pangeni kwa saa 4.

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa onyo kwa ngazi tatu: Angalizo, Tahadhari na Tahadhari Kubwa. Amueni mapema kila ngazi inawafanya mfanye nini. Angalizo: simu zichajiwe, mbegu na vyeti vipandishwe darini. Tahadhari: mifugo itoke bondeni, na wagonjwa na wazee walale kwa ndugu wa juu. Tahadhari Kubwa: hakuna anayelala bondeni. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inazitambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji, kwa hiyo kikundi chenu kifanye kazi chini ya kamati hiyo, ili mwenyekiti akipiga filimbi asiulizwe amepewa na nani madaraka. Na njia ya kuondokea itembewe usiku, mara moja kabla ya masika, pamoja na bibi ambaye lazima abebwe. Mtagundua daraja la magogo halipitiki kwa machela.

Kuhusu wazee, kwa heshima zote: tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kilitua Lindi na kuua watu. Aprili 2019 Kenneth kilipita karibu na kutua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Mwanzoni mwa Mei 2024 Hidaya ilikuja, na mvua zake zikakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa. Vyote vitatu vilikuja Aprili au Mei, mwisho wa masika, ardhi imeshiba na watu wameanza kupumua. Msivunje zamu za mto kwa sababu mahindi yamekauka.

Mita 60

*Ofisa amekuja akasema hatuwezi kulima ndani ya mita 60 za mto. Babu zetu wamelima mpunga hapo. Ana haki?* — Mkulima, bonde la Mbwemkuru

Mita 60 si neno lake. Ziko katika kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 nayo inalinda kingo. Kinachokatazwa ni shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu ukingo: nyumba, minazi iliyong'olewa ukabaki udongo mtupu, bustani inayolimwa hadi mdomoni mwa maji. Muombeni aje na mtu wa bodi ya bonde, mpime pamoja, muweke mawe ya mipaka. Kutoka ukingo wa mto acheni matete, mianzi na miti iliyopo ijiotee. Ukingo uliolimwa hummegukia mwenye shamba kabla ya mtu mwingine yeyote, hata kama hakuna ofisa.

Uwanja umekuwa bwawa

*Nyumba yangu iko Mtwara mjini. Zamani maji yalikauka ndani ya saa moja. Tangu majirani wajenge, yanakaa siku mbili na kuingia sebuleni. Fundi anataka kuchimba shimo la mawe la mita 1.5. Litatosha?* — Mama wa watoto wanne, Mtwara

Mama, kwanza jua shimo hilo linabeba nini hasa. Mita 1.5 kwa 1.5 kwa 1.5 ni lita 3,375 likiwa tupu. Likijazwa mawe, nafasi inayobaki ni kama asilimia 35 hadi 40, yaani lita 1,200 hadi 1,350. Paa lako likiwa mita 8 kwa 10, mvua ya milimita 50 inakupa lita 4,000. Ukitoa zinazorukia nje, 3,600. Shimo peke yake linashindwa hata na paa lako, achilia mbali la jirani.

Kwa hiyo gawanya mzigo. Gata ya paa iingie kwanza kwenye tangi la lita 2,000, na tangi hilo liwe tupu kabla ya mvua kubwa. Tangi lililojaa halikingi kitu. Kinachozidi kiende shimoni. Kabla ya kumlipa fundi, pima unyonyaji. Chimba kishimo cha sentimeta 30 kwa 30 hadi kina kile kile cha shimo la baadaye, kijaze maji, yaache yaishe, kijaze tena, kisha pima yanashuka kiasi gani. Yakishuka sentimeta 2.5 ndani ya nusu saa au upesi zaidi, panafaa. Fanya hivyo wakati wa masika. Maeneo ya chini karibu na bahari, maji ya kisima hupanda hadi karibu na uso wa ardhi masika. Shimo lako likishaonyesha maji chini yake, halitanyonya chochote, na hela utakuwa umeizika.

Shimo lisogezwe mita 3 au zaidi kutoka kwenye msingi, na lisikaribie choo. Tumia mawe makubwa, si kokoto zilizochanganyika na vumbi. Juu ya mawe tandika viroba vitupu tabaka mbili kabla ya kurudishia udongo, ili mchanga usizame na kuziba. Mbele ya shimo weka chemba ya sentimeta 40 kila upande, bomba la inchi 4 likitoka sentimeta 15 juu ya sakafu yake. Taka na mchanga vitabaki chembani na utavizoa kwa beleshi baada ya kila mvua kubwa. Mashimo mengi ya mawe hufa ndani ya miaka miwili kwa kukosa chemba hii tu.

Na majirani? Nyumba 50 kama yako zinamwaga lita 180,000 kwa mvua moja. Hapo ni suala la mtaro wa mtaa na nani aliyeujengea ukuta juu yake. Tembeeni na mwenyekiti kutoka kwako hadi mtaro unapotokea baharini. Mara nyingi kizuizi ni kimoja: kidaraja cha mtu cha kuingizia gari, chenye bomba la inchi 6 mahali pa inchi 24.

Kisima kilichofunikwa na mafuriko

*Mto ulipanda ukafunika kisima chetu cha ringi. Maji sasa yamepungua lakini yana rangi ya chai. Tutie dawa kiasi gani?* — Mjumbe wa kamati ya maji, Kilwa

Msitie kitu kwanza. Klorini kwenye maji ya tope inaliwa na tope, vijidudu vinabaki. Chota au vuta maji yote, sugueni ringi kwa brashi, toeni matope ya chini. Pampu ya petroli isiingizwe kisimani hata kidogo. Moshi wake hujaa chini, hauonekani, na huua mtu aliyeshuka na anayeshuka kumwokoa. Maji mapya yakijikusanya na kutulia, pima.

Lita za maji ni kipenyo mara kipenyo mara kina, kwa mita, mara 785. Ringi ya mita 1.2 yenye maji ya kina cha mita 3 ina karibu lita 3,400. Kiwango cha kusafishia kisima ni miligramu 50 za klorini kwa lita, kwa hiyo mnahitaji gramu 170 za klorini halisi. Kwa klorini ya unga ya asilimia 65 hiyo ni gramu 260. Kwa dawa ya kufulia ya maji yenye asilimia 3.5, isiyo na manukato wala sabuni, ni lita 5. Someni asilimia kwenye chupa. Dawa iliyokaa juani dukani imeshapoteza nguvu.

Unga uyeyushwe nje kwenye ndoo ya plastiki, dawa itiwe ndani ya maji na si maji juu ya dawa, wala isichanganywe na sabuni au asidi. Mwagieni kuta kwa kuzunguka, kisha koroga kwa kuinua na kushusha ndoo mara nyingi. Funga kisima saa 12 au zaidi, mtu asichote. Halafu vuteni maji, yamwagwe mbali na bustani na mto, hadi harufu ipungue kabisa. Kama choo cha karibu kilibomoka, endeleeni kuchemsha maji ya kunywa hata baada ya dawa, maana kinachovuja kupitia udongo hakikomi kwa siku moja. Na kama maji yamekuwa ya chumvi, klorini haiondoi chumvi.

Kabla ya masika ijayo pandisheni ringi nusu mita juu ya alama ya mafuriko haya, na mumwage zege la upana wa mita 1 kuzunguka, liinamie nje.

Mikoko imekufa yote

*Kikundi chetu kilipanda miche ya mikoko elfu moja kwenye tope mbele ya kijiji. Baada ya miezi mitano haikubaki hata kumi. Tulinunua mbegu mbovu?* — Kikundi cha vijana, Lindi

Mbegu ilikuwa nzima. Mliipanda chini mno. Tope lililo wazi mbele ya kijiji lingekuwa linafaa, mikoko ingeshajiotea yenyewe. Huko mche hukaa majini muda mrefu kuliko unavyoweza kustahimili, na mawimbi yanautikisa kabla haujashika. Mlilana na mchu ndio wa mbele, wanaoonja bahari kwanza. Mkoko wenyewe, ule wa miguu mingi, hupenda tope la ndani na kando ya vijito. Mkandaa unakaa nyuma, pakavu zaidi. Tafuteni miti mikubwa ya aina hiyo iliyo karibu, mtazame imeanzia kimo gani maji yakitoka, na mpande kwenye kimo hicho hicho. Tunda la mkoko lichomekwe theluthi moja tu ya urefu wake, ncha chini, umbali wa mita 1 hadi 1.5.

Kabla hata ya kupanda, angalieni kama kuna tuta la shamba la chumvi lililoachwa linalozuia maji kupanda na kutoka. Likitobolewa mahali vijito vya zamani vilipopita, mara nyingi mikoko hurudi yenyewe bila mche hata mmoja. Ombeni kibali cha TFS, wakala wa misitu, kwa kazi hiyo. Na kama upande wenu ndipo Lukuledi inapotapika tope lake, pimeni tope linapanda kiasi gani kwa mwaka: chomekeni mti wenye alama leo, mrudi baada ya masika. Likifunika vijiti vya kupumulia vya mchu, hata miti mikubwa itakufa, na miche yenu isubiri.